Fahali wawili zizi moja: kuunganisha jenereta na umeme wa nyumba

Ndugu wenye nyumba, mafundi wenzetu, nanyi vijana wa vyuo vya ufundi, karibuni. Kabla hatujasema lolote, hebu utazameni waya huu ulioko mezani. Urefu wake mita tatu, shaba safi ya milimita mraba 2.5, una plagi ya pini tatu huku na plagi ya pini tatu kule. Umeme ukikatika, mwenye waya kama huu huchomeka ncha moja kwenye jenereta na ncha ya pili kwenye soketi ya sebuleni, nyumba nzima ikawaka. Hauhitaji fundi, na bei yake haimtishi mtu.

Tunaukata kwa plaizi sasa hivi, mbele yenu. Halafu tuseme kwa nini.

Plagi imetengenezwa kwa kuamini kwamba umeme unakaa ukutani na pini ni baridi mpaka ziingie kwenye soketi. Kwenye waya huu mambo yamegeuka: pini ndizo zenye moto. Plagi ikichomoka sebuleni jenereta ikiwa inaunguruma uani, pini zinabaki zuliani na volti 230, na mtoto anatambaa hapo hapo.

Hiyo ni hatari ya ndani. Ya nje ni kubwa zaidi. Transfoma ya mtaani hupokea volti 11,000 au 33,000 na kuzishusha ziwe 230 kati ya fezi (laivu, waya wenye moto) na nyutro (waya wa kurudishia). Transfoma haijui upande upi ni wa TANESCO, shirika la umeme. Ukiilisha volti 230 kwa chini, inapandisha kwa uwiano ule ule, na waya wa juu ambao fundi wa TANESCO anaamini umezimwa unakuwa na maelfu ya volti.

Kuna fundi hodari atatujibu: jenereta ya kilowati tatu haiwezi kubeba mtaa mzima, itazidiwa na kuzima. Jibu lake ni kweli pale tu laini ikiwa nzima. Lakini umeme umekatika kwa nini? Masika yameangusha tawi juu ya waya pale Moshono, au mgomba umelalia laini Kibosho. Waya umekatika nyumba moja kutoka kwako. Sasa jenereta haibebi mtaa, inabeba nyumba yako na kipande cha waya kinachoning'inia. Hicho haikioni kama mzigo. Itakilisha volti 230 usiku kucha, na hakuna breka itakayoanguka, hata mtu akigusa.

Halafu kuna siku umeme unarudi jenereta ikiwa bado imeunganishwa. Fahali wawili hawakai zizi moja. Umeme wa TANESCO ni hezi 50 na jenereta ni hezi 50 kwa kukadiria, lakini mawimbi yao hayaendi pamoja. Yakikutana, mwenye nguvu anamvuta mnyonge kwa kishindo: waya za ndani ya jenereta zinaungua, na wakati mwingine hata shafti ya injini inaumia. Mwenye jenereta husema "umeme umerudi mwingi". Haukurudi mwingi. Ulikuta kuna mwenzake.

"Mimi huzima mein swichi kwanza." Vizuri, na siku hiyo umeiweka nyumba yako kwenye kumbukumbu yako. Ukiwa safarini, dada wa kazi au shemeji atawasha jenereta gizani kwa tochi ya simu. Tunachotaka ni chuma kinachokataa, si mtu anayekumbuka.

Chuma hicho ni chenjiova, swichi ya kuchagua chanzo cha umeme wa nyumba. Ina nafasi tatu: moja ni TANESCO, sifuri ni hakuna, mbili ni jenereta. Ubora wake uko kwenye hiyo sifuri, maana mkono hauwezi kutoka moja kwenda mbili bila kupita hapo. Inaachia kwanza, kisha inashika. Ukiuziwa swichi isiyo na sifuri, au breka mbili zilizowekwa jirani bila kipande cha kuzifunga zisipande pamoja, irudishe dukani.

Kwa nyumba ya fezi moja nunua ya poli mbili, inayokata laivu na nyutro kwa pamoja. Ya fezi tatu inataka poli nne. Ukubwa wake haupimwi kwa jenereta, na hapa wengi hukosea. Mtu ana jenereta ya kVA 5, anapiga hesabu ya ampea 22, ananunua chenjiova ya ampea 32. Anasahau kwamba siku zote ambazo umeme upo, mkondo wote wa TANESCO unapita humo humo: jiko, pasi, shawa ya moto. Baada ya miezi michache kuna harufu ya plastiki iliyoungua kwenye korido. Chukua ampea 63 kwa nyumba ya kawaida ya fezi moja, au zaidi ikiwa mein swichi yako ni kubwa zaidi ya hapo.

Mahali pake ni kati ya mita na bodi ya breka. Waya utokao kwenye mita, baada ya mein swichi, unaingia vituo (mahali pa kufungia waya) vya namba moja. Waya wa jenereta unaingia vituo vya namba mbili. Vituo vya pamoja vinakwenda kwenye bodi. Tumia waya wa unene ule ule uliokuwepo kati ya mita na bodi, mara nyingi milimita mraba 10 au 16. Mein swichi izimwe, ipimwe kwa multimita na si kwa testa ya bisibisi peke yake, ndipo waya ukatwe. Mita ya LUKU yenyewe haiguswi, na sili yake haikatwi na mtu yeyote isipokuwa TANESCO. Kazi hii yote ni ya fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji. Tunaieleza kwa kina ili mwenye nyumba ajue anachokilipia, na fundi ajue kwamba mwenye nyumba anajua.

Kaza skrubu za vituo kwa nguvu, na waya wenye nyuzi nyingi uvalishwe lagi (kofia ya chuma ya ncha ya waya) kwanza. Rudi baada ya mwezi uzikaze tena, kwa sababu shaba hulegea kidogo baada ya kupata joto na kupoa mara kadhaa. Chenjiova nyingi zinazoungua haziungui kwa mzigo mkubwa, zinaungua kwa skrubu iliyolegea.

Sasa tufike kwenye nyutro na ethi (waya wa ardhini), na hapa tutakaa kidogo, maana ndipo kazi nyingi zenye sura nzuri huharibika.

Jenereta ndogo nyingi za petroli zinatoka kiwandani nyutro yake ikiwa haijafungwa popote, inaelea. Ukipima kwa multimita utaona 230 kati ya waya mbili, lakini kati ya kila waya na bodi ya chuma ya jenereta utaona kama 110 au 115. Testa ya bisibisi itawaka kidogo kwenye waya zote mbili, na fundi mgeni ataapa kwamba jenereta ina "laivu mbili". Hali hii ikiingia ndani ya nyumba, ile RCD (swichi inayokata umeme ukivuja) ya miliampea 30 inayowalinda watoto inakuwa pambo. RCD hupima kama mkondo uliotoka umerudi wote. Mtu akiguswa na laivu, mkondo unapaswa kupita mwilini, uingie ardhini, urudi kwenye chanzo. Kama nyutro ya jenereta haijafungwa ardhini, njia ya kurudi haipo, RCD haioni kitu. Utasema basi hata mtu hapigwi. Hapigwi na kosa la kwanza. Kosa la kwanza linakaa kimya kwenye pasi au friji bila breka kuanguka, na la pili linapokuja kwenye waya mwingine, mtu akashika vyote viwili, ndipo anapigwa na volti 230 kamili, na RCD bado inaangalia tu.

Na jamani, kitufe cha T kwenye RCD kisiwadanganye. Kitufe kile huzungusha mkondo mdogo kati ya laivu na nyutro ndani ya kifaa chenyewe. Kitaangusha RCD hata kama jenereta inaelea na hata kama ethi rodi haipo kabisa. Kinathibitisha kwamba RCD ni nzima, si kwamba nyumba ina ulinzi. Kipimo cha kweli ni mashine ya kupimia RCD, inayopitisha mkondo kutoka laivu kwenda ethi na kusoma muda. Kwa miliampea 30 iachie ndani ya milisekunde 300.

Dawa yake ni fupi. Zima jenereta, pima kati ya nyutro yake na bodi ya chuma. Kama hakuna mwendelezo, inaelea. Basi funga kiungo cha nyutro na ethi upande wa jenereta, ndani ya boksi la ukutani ambamo waya wake unaingilia, kabla ya chenjiova na kabla ya RCD. Baada ya hapo multimita isome 230 kati ya laivu na ethi, na karibu sifuri kati ya nyutro na ethi. Kama jenereta imeshafungwa kiwandani, usifunge mara ya pili, hasa ikiwa ina RCD yake mwenyewe, maana itakuwa inaanguka kila ukiwasha. Na kama kitabu chake kinasema waya zake zimefungwa katikati, volti 115 kila upande, usifunge waya wowote kati ya hizo kwenye ethi. Utakuwa umepiga shoti nusu ya jenereta.

Sasa mnaona kwa nini tunasisitiza poli mbili. Chenjiova inayokata laivu tu inaiacha nyutro ya jenereta, pamoja na kiungo chake cha ethi, ikiwa imeshikana na nyutro ya TANESCO hata umeme ukiwa umerudi. Sehemu ya mkondo wa nyumba itarudi kupitia ethi, RCD iliyo kabla ya chenjiova itaanguka bila sababu inayoonekana, na fundi atakayeitwa ataitoa RCD ili "kuondoa usumbufu". Tumewakuta wenye nyumba wakilipia kazi hiyo kwa furaha.

Ethi rodi: ya chuma kilichopakwa shaba, mita 1.2 au 1.5, waya wa milimita mraba 16, klampu ya shaba na si waya uliosokotwa kwa mkono. Hapa kwetu chini ya udongo mweusi kuna mawe ya volkano, na wenye viwanja Arusha mnajua rodi hugonga mwamba kabla ya nusu mita. Usiikate rodi ukafukia kipande. Ihamishe, au chimba mfereji uilaze, au tumia mbili hadi tatu zilizoachana kwa umbali usiopungua urefu wa rodi yenyewe. Pima wakati wa kiangazi, si wiki ya mvua, kwa sababu udongo mkavu wa Januari unapunguza sana uwezo wa ethi. Kwa RCD ya miliampea 30, lenga chini ya omu 200, na chini zaidi ni bora.

Kuna jambo jingine linalofanya RCD iwe ya lazima kwenye jenereta. TANESCO ikipata shoti inatoa mamia ya ampea, breka inaruka papo hapo. Jenereta ya kVA 5 haina ampea hizo. Breka ya ampea 32 ya aina B inataka ampea 96 hadi 160 ndipo iruke mara moja, na jenereta yako inashindwa kufika huko, inalegea tu volti zake huku waya zikichemka. Kwa hiyo weka breka yake peke yake kwenye boksi la ukutani, ampea 20 aina B kwa kVA 5, ampea 10 kwa kVA 2.5.

Kutoka uani mpaka ukutani tumia plagi ya buluu ya viwandani, pini tatu, ampea 32. Ukutani iwekwe ile yenye pini, yenye kifuniko cha kuzuia mvua, na ncha ya waya itokayo kwenye jenereta iwe yenye matundu. Hivyo hakuna pini yenye moto inayoonekana wakati wowote. Waya uwe wa mpira mzito wa koa tatu, yaani waya tatu ndani yake. Kwa kVA 5 na umbali wa mita 20, waya wa milimita mraba 4 unapoteza karibu volti 5, ambayo ni sawa. Wa 2.5 unapoteza karibu 8, na unapata joto. Ukizidi mita 30, ruka kwenye milimita mraba 6.

Umbali huo haukuchaguliwa ili kuuza waya. Moshi wa jenereta una kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, ile ile inayoua watu waliolala na jiko la mkaa. Jenereta ikae si chini ya mita 6 kutoka kwenye nyumba, ekzosi ikitazama mbali na madirisha, yako na ya jirani. Gereji hairuhusiwi hata mlango ukiwa wazi. Varanda hairuhusiwi. Baridi ya Arusha ya Juni na Julai inawafanya watu wavute jenereta karibu na kufunga madirisha, na hiyo ndiyo miezi ya kuogopa. Kichwa kikianza kuuma watu wote ndani kwa wakati mmoja, tokeni nje kwanza, jenereta baadaye. Ijengeeni banda la paa na nguzo bila kuta. Mvua haiingii na moshi unatoka.

Kuhusu ukubwa wa jenereta, soma kibati chake kwa makini. Kina namba mbili, kama 2.5 na 2.8. Kubwa ni ya kishindo cha muda mfupi, ndogo ndiyo ya kufanyia kazi. Halafu toa kodi ya mlima. Injini ya kabureta inapoteza kama asilimia 3.5 ya nguvu kwa kila mita 300 za mwinuko. Arusha mjini tuko kwenye mita 1,400 hivi, kwa hiyo inaondoka kama asilimia 16: kilowati 2.5 inabaki 2.1. Moshi mjini wanapoteza kama asilimia 10. Ukipanda Ngaramtoni au Marangu inaongezeka, na spaki plagi inakuwa nyeusi kwa sababu petroli ni nyingi kuliko hewa. Juu ya mita 1,500 uliza jeti ndogo ya kabureta kwa mwenye mashine, kabla hujamlaumu aliyekuuzia petroli.

Friji ya kawaida inakula wati 150 ikitembea, lakini inapoanza inaweza kutaka mara tano ya hapo. Pampu ya nguvu farasi moja inatembea na wati 1,100 na kuanza kwa kishindo cha mara tatu hadi tano, kwa hiyo kilowati 2.5 itaiua au itauawa nayo. Shawa ya moto ya wati 5,500 ni ampea 24, usiifikirie kabisa. Kwa jenereta zilizo chini ya kVA 5 ushauri wetu ni kutoweka nyumba nzima kwenye chenjiova. Tengeneza bodi ndogo ya mahitaji: taa zote, friji, televisheni, soketi za chumba kimoja. Chenjiova ilishe bodi hiyo tu. Shawa na jiko vibaki kwenye bodi kubwa ambayo jenereta haiifikii, na hutahitaji kumfokea mtu aliyesahau kuzima.

Nyumba za fezi tatu zenye jenereta ya fezi moja zinaweza kuungwa kwa kulisha vituo vitatu kwa waya mmoja, ila mota ya fezi tatu, kama pampu ya kisima au mashine ya kusaga, breka yake izimwe kabisa, la sivyo mota itaungua. Jenereta ikiwa ya fezi tatu, pima mpangilio wa fezi, maana ukigeuka pampu inazunguka kinyume. Chenjiova za kujiendesha zenyewe ni nzuri kwa zahanati na hoteli. Hakikisha zina kizuizi cha chuma na si cha umeme pekee, zisubiri dakika kadhaa umeme ukirudi kabla ya kuhama, na betri ya kuwashia iwe na chaja yake.

Siku ya kuwasha mpango ni huu. Chenjiova kwenye sifuri, breka zote chini. Angalia oili, washa, iache dakika tatu bila mzigo. Isome volti 220 hadi 240 na hezi 50 hadi 52. Peleka kwenye mbili. Pandisha breka ya friji kwanza, isubiri itulie, ndipo taa na vingine. Umeme ukirudi usikimbilie; mpe TANESCO dakika tano atulie. Shusha breka, rudi sifuri, nenda moja, pandisha. Jenereta iungurume dakika tatu bila mzigo ipoe, kisha zima na funga bomba la petroli. Petroli haimiminwi injini ikiwa ya moto. Oili ya kwanza imwagwe baada ya saa 20, na baada ya hapo kila saa 100. Mara moja kwa mwezi iwashe dakika 20 ikiwa na mzigo, maana petroli iliyolala miezi mitatu inageuka gundi ndani ya kabureta, na utaligundua hilo usiku wa mechi.

Wale mliokuja na chenjiova zenu, zileteni hapa mezani moja moja. Tutaweka mkono kwenye mbili, tupime kwa multimita kati ya vituo vya namba moja na vya pamoja, poli zote. Kisha mkono kwenye moja, tupime kati ya namba mbili na vya pamoja. Multimita ikilia hata mara moja, chenjiova hiyo haitoki hapa kwenda kwenye nyumba ya mtu.